Bunduki ya kuwindia kulungu huchaguliwa kuanzia kwenye kichwa cha risasi

Mabishano ya wawindaji kuhusu bunduki karibu yote huanzia kwenye kaliba, yaani kipenyo cha risasi na aina ya ganda lake. Huyu anaapa kwa .308, yule haambiwi lolote juu ya .270 yake, na anayeanza huondoka hapo akiwa amebeba majina mengi asijue la kufanya nayo. Mpangilio unaofaa ni wa kinyume. Kwanza mjue mnyama na umbali utakaompigia. Kisha tafuta kichwa cha risasi kitakachofanya kazi yake ndani ya mnyama huyo kwa umbali huo. Baada ya hapo ndipo uulize ni kaliba gani inakirusha kichwa hicho bila kukuvunja bega, na bunduki yenyewe ije mwisho. Ukienda hivyo utaona kaliba saba au nane zinaifanya kazi ileile, na kwamba tofauti kubwa imo ndani ya boksi la risasi.

Kulungu hafi kwa kishindo. Hufa kwa sababu mapafu au moyo vimetobolewa, damu imemwagika ndani ya kifua na ubongo umekosa oksijeni. Aliyepigwa vizuri katikati ya mapafu yote mawili anaweza bado kukimbia mita 50, hata 100, kabla hajaanguka, na hilo halimaanishi kwamba risasi ni dhaifu. Kwa hiyo swali la kujiuliza dukani ni hili: kichwa hiki kitaacha tundu pana kiasi gani kupitia kifuani, na je, kitatokea upande wa pili? Tundu la kutokea ndilo linalomwaga damu chini, na bila damu chini kumfuatilia mnyama kwenye majani marefu jioni ni kazi ngumu sana.

Ukubwa wa mnyama hubadilisha hesabu. Kulungu mdogo wa Ulaya, yule aitwaye roe, ana kilo 20 hadi 30 tu. Kulungu mkia-mweupe wa Amerika dume aliyekomaa mara nyingi yuko kati ya kilo 60 na 130. Kulungu mwekundu dume huweza kuvuka kilo 200. Eneo la moyo na mapafu kwa mkia-mweupe ni kama duara la sentimita 20, na kwa roe ni kama sentimita 12 au 13. Duara hilo ndilo linaloweka mpaka wa umbali wako. Kama huwezi kuweka risasi tano mfululizo ndani yake, ukiwa umekaa kama utakavyokaa porini, umbali huo bado si wako, hata kama bunduki inaweza.

Sasa tuingie kwenye risasi yenyewe. Risasi nzima ina ganda la shaba ya njano, fataki kwenye kitako inayowasha, baruti inayosukuma, na kichwa kinachoruka. Uzito wa kichwa huandikwa kwa kipimo cha grain, na gramu 1 ni grain 15.4. Kichwa cha grain 150, basi, kina gramu 9.7.

Kichwa cha kawaida ni kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti la shaba, ncha ikiachwa wazi. Kikigonga mwili, ncha hubonyea, koti hupasuka na kukunjuka kuelekea nyuma kama uyoga, na kipenyo huongezeka hadi karibu maradufu. Ni cha bei nafuu, hufunguka hata kasi ikiwa imepungua, na kwa kulungu wa wastani kwenye mita 50 hadi 200 hakihitaji kuonewa aibu. Udhaifu wake hujitokeza mnyama akiwa karibu na kasi ikiwa kubwa. Kikikutana na mfupa wa bega mita 30 kutoka kwenye mtutu, koti na kiini huweza kuachana, vipande vikatawanyika kwenye nyama ya bega na kidogo tu kikafika kwenye mapafu.

Vile vyenye ncha ya plastiki havifanani, ingawa kwa macho vinaonekana vya familia moja. Plastiki hupunguza ukinzani wa hewa na hurudi nyuma kama kabari kukifungua kichwa. Aina zenye koti nene zimetengenezwa kwa kulungu. Zenye koti jembamba zimetengenezwa kwa wanyama waharibifu wadogo, nazo hulipuka juujuu. Ukimpiga nazo kulungu begani unapata kidonda kikubwa cha kutisha, kisicho na kina, na mnyama anayekimbia akiwa mzima ndani. Soma boksi lote, usiishie kwenye picha ya mnyama iliyochorwa mbele.

Kisha kuna vichwa vilivyoundwa ili visisambaratike. John Nosler, mtengenezaji wa risasi wa Marekani, alianza kuuza kichwa kiitwacho Partition mwaka 1948: ndani kuna ukuta wa shaba unaotenganisha kiini cha mbele na cha nyuma, hivyo mbele hufunguka na nyuma huendelea kusukuma. Vichwa vya kisasa ambavyo kiini chake kimeshikanishwa na koti hufikia lengo hilohilo kwa njia nyingine. Kwa mtu anayewinda kulungu wa aina mbalimbali, kwa umbali usiotabirika, na anataka boksi moja tu, mimi ningempa aina hii bila kusita.

Shaba tupu ni habari nyingine, na ndiyo inayowachanganya wengi. Kichwa hiki hakina madini ya risasi kabisa. Kina tundu mbele linalojikunjua kuwa petali nne au sita, na hubaki na karibu uzito wake wote. Kwa kuwa hakipotezi uzito, hakuna haja ya kuchukua kizito: anayetumia grain 165 za kawaida kwenye .308 atafanya vizuri na 150 au hata 130 za shaba. Ila kinadai kasi. Vingi hufunguka vizuri vikigonga kwa mita 600 kwa sekunde au zaidi, ilhali vya kawaida huvumilia kasi ndogo kuliko hiyo. Kichwa cha shaba kizito kwenye bunduki ya mtutu mfupi, kwa umbali mkubwa, hupita kama sindano. Ukikipiga ndani ya uwezo wake, njia yake ni nyoofu, nyama inayoharibika ni kidogo, na hakuna vumbi la madini ya risasi linalosambaa sentimita nyingi kutoka kwenye kidonda. Hilo la mwisho lina uzito kwa anayelisha watoto nyama hiyo.

Mawili ya kuepuka kabisa: kichwa kilichofunikwa koti zima, cha kijeshi, ambacho hakifunguki na huacha tundu la unene wa penseli, na kile cha mashindano ya shabaha chenye kitundu kidogo nchani. Hiki cha pili hudanganya watu kwa sababu kinapiga kwa usahihi wa ajabu kwenye karatasi. Kitundu kile kimetokana na namna kinavyotengenezwa, hakikuwekwa ili kichwa kifunguke. Ndani ya mnyama mmoja kitavunjika vipande, ndani ya mwingine kitapita kizima.

Kaliba sasa zinaweza kupangwa haraka. .243 Winchester, ya mwaka 1955, hurusha grain 100 kwa karibu mita 900 kwa sekunde, sawa na nishati ya jouli 2,600 hivi kwenye mdomo wa mtutu. Inatosha kwa roe na mkia-mweupe, na teke lake, yaani msukumo unaorudi begani, ni dogo, lakini haisamehe: kichwa ni chepesi, kwa hiyo pembe mbaya au mfupa mnene humaliza akiba yake upesi. 6.5 Creedmoor, iliyotoka 2007, hupeleka grain 140 kwa karibu mita 820 kwa sekunde. Sifa zake zimetiwa chumvi nyingi, lakini ukweli unabaki kwamba ni laini begani na haisukumwi sana na upepo. 6.5x55 ya Skandinavia ilikuwa ikifanya jambo hilohilo tangu karne ya 19. 7mm-08 Remington haizungumzwi sana na inastahili zaidi ya hapo. .270 Winchester, ya 1925, ikiwa na grain 130, hunyooka sana angani na hupendwa na wanaowinda mahali peupe.

.308 Winchester, ya 1952, ndiyo ningempa asiyejua atawinda wapi: grain 150 kwa karibu mita 860 kwa sekunde, jouli 3,600 hivi, na aina za risasi hazihesabiki. .30-06, ya 1906, inafanya yote ya .308 na kuongeza kidogo kwa vichwa vizito, kwa gharama ya teke zaidi. .30-30, ya 1895, bado ni bunduki nzuri ya msituni chini ya mita 150. Nyingi za kaliba hiyo zina magazini ya bomba, risasi zikipangana kichwa kwa kitako, kwa hiyo hutumia vichwa butu au vyenye ncha laini ya mpira. Kichwa chenye ncha ngumu kinaweza kugonga fataki ya risasi iliyo mbele yake ndani ya bomba bunduki inapopiga teke, na hapo mkono unaoshika bomba ndio unaoumia.

Kaliba za magnum, zile zenye baruti nyingi kupita kawaida, sizioni kuwa na kazi kwa kulungu wengi. .300 Winchester Magnum kwenye bunduki ya kilo 4 hivi hurudisha teke linalokaribia jouli 35, wakati .308 yenye grain 150 iko karibu 21 na .243 karibu 12. Mwili hujifunza haraka. Baada ya risasi kumi na kitu kwenye benchi, jicho huanza kufumba na kidole kuvuta kwa ghafla kabla ya mlio, na risasi hushuka chini. Mpigaji mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo. Kumgundua ni rahisi: mwenzake amjazie magazini akichanganya risasi za mazoezi zisizo na baruti. Itakapobonyezwa tupu, mtutu utazama chini mbele ya macho ya wote. Aliyefika hapo ashuke kaliba moja, asiongeze.

Kwenye bunduki, anza na mtutu. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwa mtutu wa sentimita 60. Ukiwa na wa sentimita 50, toa mita 25 hadi 30 kwa sekunde. Kwa risasi ya kawaida kwenye mita 150 hilo halina maana yoyote, na mtutu mfupi ni raha vichakani au ukifunga kipunguza sauti. Kwa shaba tupu kwenye mita 250, ndipo linaanza kuuma. Angalia pia mzunguko wa michirizi ya ndani ya mtutu, ile inayokizungusha kichwa ili kiruke kimetulia. Kichwa cha shaba ni kirefu kuliko cha kawaida chenye uzito uleule, na kichwa kirefu kinadai mzunguko wa kasi zaidi. .243 nyingi huzungusha mara moja kila inchi 10, na humo shaba ya grain 80 au 85 hutulia vizuri. Ukivuka hapo, tazama karatasi: matundu ya mviringo ni sawa, yaliyorefuka kama yai yanasema kichwa kinayumba.

Bunduki ya bolti, ile unayoifungua na kuifunga kwa mkono kila risasi, ni chaguo la kawaida kwa sababu ni imara, rahisi kusafisha, na unaona kwa macho kama chemba, mahali risasi inapokaa, ni tupu. Uzito wa kilo 3 hadi 3.5 bila darubini ni wa kati. Chini ya kilo 2.7 unafurahi ukipanda mlima na kujuta ukifyatua. Kitako kiwe na urefu unaokufaa ukiwa umevaa nguo utakazovaa mawindoni, si shati la dukani. Funga macho, iweke begani, fungua: kama unaona darubini nzima bila kunyoosha shingo, imekukaa. Kifyatulio kikatike kwa kilo 1.2 hadi 1.8 bila kusuasua. Chepesi zaidi ya hapo, vidole vilivyoganda kwa baridi havikihisi.

Darubini ya kukuza mara 3 hadi 9 yenye lenzi ya milimita 40 hutosha karibu kila mahali. Gawanya lenzi kwa ukuzaji upate upana wa mwanga unaofika jichoni: kwa mara 9 ni milimita 4.4, kwa mara 6 ni karibu 7. Ndiyo maana jioni unapunguza ukuzaji ili uone zaidi. Iweke sentimita 9 hivi kutoka kwenye jicho. Kovu la nusu duara juu ya nyusi ni alama ya mtu aliyeisogeza karibu mno. Skrubu za pete zinazoishika darubini zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo, mara nyingi karibu newtoni-mita 2, ila fuata karatasi ya mtengenezaji. Wengi hukaza kwa nguvu za mkono mpaka bomba la darubini linabonyea, kisha wanailaumu darubini.

Nunua boksi moja moja la aina tatu za risasi, zote zinazofaa mnyama wako, kisha iulize bunduki. Mitutu miwili iliyotoka kiwandani siku moja huweza kupenda risasi tofauti, na hakuna anayeweza kukutabiria. Kabla ya kubadilisha kutoka koti la kawaida kwenda shaba tupu, safisha mtutu mpaka kitambaa kisitoke na rangi ya kijani au buluu, la sivyo majibu ya kwanza ni ya uongo.

Anzia mita 25. Toa bolti, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu uelekeze kwenye doa, halafu sogeza alama ya darubini mpaka ikae juu ya doa hilo. Piga tatu. Darubini nyingi husogeza karibu milimita 7 kwa kila mbofyo kwenye mita 100, kwa hiyo mita 25 zinadai mibofyo mara nne kwa kosa lilelile. Kwa .308 ya grain 150 ambayo darubini yake iko sentimita 4 juu ya mtutu, tundu linaloingia katikati kwenye mita 25 litakuwa karibu sentimita 5 juu kwenye mita 100, litarudi kwenye mstari karibu mita 185, na kwenye mita 220 litakuwa limeshuka kama sentimita 7. Maana yake, kutoka karibu kabisa mpaka mita 220, unalenga katikati ya kifua cha mkia-mweupe bila hesabu. Kwa roe, ambaye duara lake ni dogo, weka sentimita 2 au 3 juu kwenye mita 100 na ukubali umbali mfupi zaidi. Hesabu hiyo ikaguliwe kwa risasi halisi kwenye mita 100 na 200. Karatasi ndiyo yenye neno la mwisho.

Matundu matatu yaliyogusana yanafurahisha macho na hayathibitishi kitu. Piga matano, acha mtutu upoe, piga mengine matano. Mtutu mwembamba ukipata moto husogeza risasi, mara nyingi kwa mstari kuelekea juu, basi subiri dakika chache kati ya risasi. Kundi la matundu lenye upana wa sentimita 4 au 5 kwenye mita 100 linatosha kabisa kwa kulungu. Kinachonihusu zaidi ni tundu la kwanza kutoka mtutu baridi, kwa sababu porini hilo ndilo utakalopata. Mafuta yaliyobaki ndani ya mtutu hulipeleka kando, kwa hiyo pitisha kitambaa kikavu kabla ya kutoka. Kundi likitawanyika ghafla, kagua skrubu za pete, kisha za kitako, halafu pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao: ikikwama, mbao imevimba kwa unyevu na inasukuma mtutu. Mwisho kabisa ndipo ulaumu risasi.

Ukishapata inayopendwa, nunua maboksi matano au sita yenye namba ileile ya toleo. Toleo jipya linaweza kugonga mahali pengine, kwa hiyo likaguliwe upya.

Sheria huenda zikakuamulia nusu ya haya. Uingereza na Wales, chini ya sheria ya kulungu ya 1991, kwa kulungu wengi zinadai kaliba isiyopungua inchi .240, nishati ya karibu jouli 2,300 kwenye mdomo wa mtutu, na kichwa kinachofunguka. Ujerumani hupima kwenye mita 100: jouli 1,000 kwa roe, na kwa wakubwa zaidi jouli 2,000 pamoja na kaliba ya angalau milimita 6.5. California ilipiga marufuku madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, na Denmark kwa risasi za bunduki za aina hii tangu Aprili 2024.

Kila unapojaza, soma maandishi kwenye kitako cha ganda na ulinganishe na yaliyochongwa kwenye mtutu. .300 Blackout huweza kuingia kwenye chemba ya .223 na kuipasua bunduki usoni. Ukibonyeza na isilie, elekeza mtutu mahali salama na uhesabu sekunde 60 kabla ya kufungua bolti, maana fataki nyingine huchelewa. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama hapohapo: kichwa huenda kimekwama ndani. Na usipige kulungu aliyesimama kwenye ukingo wa kilima, kwani kichwa kinachomkosa husafiri zaidi ya kilomita 3.

Wakati wa kuchuna, fuata njia ya risasi kwa kidole kabla hujakata chochote. Tundu la kutokea lenye unene wa penseli, mapafu yaliyotobolewa tu bila kuchanika, na mnyama aliyekimbia mbali: kichwa kilikuwa kigumu mno au kilifika kikiwa kimechoka, basi chukua chepesi chenye kasi zaidi au kilicho laini. Bega lililosagika, damu iliyoganda kila mahali na hakuna tundu la kutokea: kilikuwa laini mno kwa kasi ile, panda uzito au nenda kwenye kilichoshikanishwa na koti. Tundu la kutokea la sentimita 3 au 4 na mapafu yaliyochanika pande zote mbili: andika namba ya toleo la boksi hilo.